Mwongozo wa Waya, Jeki na Adapta kwa Mafundi Mitambo wa Njombe na Makambako

Mwongozo huu ni kwa watu wanaokabidhiwa mitambo ya sauti bila kukabidhiwa maelezo yake: fundi mitambo wa kwaya, mhudumu wa ukumbi wa sherehe, mwenye gari la matangazo, mhudumu wa baa inayoonyesha mpira, mwalimu aliyepewa jukumu la muziki siku ya mahafali. Njombe na Makambako watu hawa ni wengi. Dayosisi ya Kusini ya KKKT ina makao yake mjini Njombe, Jimbo Katoliki la Njombe nalo lipo hapo hapo, na kwaya ni sehemu ya ibada karibu kila mahali. Makambako ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana na ile ya Njombe na Songea, na stesheni ya TAZARA ipo mjini. Ukumbi ukikodishwa Jumamosi, mwenye sherehe anaweza kuja na simu ya aina yoyote, kompyuta ya aina yoyote, na MC mwenye maiki yake mwenyewe. Anayetakiwa kuvifanya vyote visikike ni wewe.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni moja: kuamini kwamba plagi ikiingia kwenye tundu, vifaa vimeungana sawasawa. Tundu hupima unene wa chuma tu. Halijui waya upi ndani umekutana na upi, wala umeme unaopita una nguvu kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kutafuta adapta, jiulize maswali mawili: kifaa hiki kinatoa nini, na kile kinasubiri kupokea nini? Maelezo yote yanayofuata ni majibu ya maswali hayo mawili.

Nguvu tatu, jeki moja

Sauti ikishageuzwa kuwa umeme husafiri kwa nguvu za viwango vitatu. Maiki hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Simu, deki, king'amuzi na kinanda hutoa kiwango ambacho mafundi hukiita laini. Vifaa vya nyumbani hupimwa kwa karibu volti 0.3 na vile vya kitaalamu kwa karibu volti 1.2. Kisha kuna umeme unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, na huo ni makumi ya volti. Amplifaya inayosukuma wati 200 kwenye spika ya ohm 8 inatoa volti 40.

Hatari inatokana na jeki kubwa ya milimita 6.35, kwa kuwa hutumika kwa viwango vyote vitatu. Jeki hiyo ilibuniwa karne ya 19 kwa ajili ya mabodi ya simu, wakati wahudumu walipokuwa wakiwaunganisha wapigaji kwa mkono. Baadaye ikahamia kwenye magitaa, maiki, vinanda, miksa na hata spika. Mdogo wake, jeki ya milimita 3.5, alienea kupitia redio ndogo za transista, na akaenea zaidi baada ya Sony kuanza kuuza Walkman mwaka 1979. Hakuna aliyekaa akazigawia kazi tangu mwanzo, na ndiyo maana jeki mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuwa na kazi zisizopatana.

Usichukue kamwe waya unaotoka kwenye soketi ya spika nyuma ya amplifaya ukauchomeka kwenye miksa, simu au kinasa sauti. Utaunguza mlango wa kuingizia sauti, na huenda ukaharibu amplifaya yenyewe. Ukichomeka simu kwenye mlango wa maiki, kwa kawaida haitaungua, lakini sauti itakwaruza na kupasuka hata ukishusha kidhibiti mpaka karibu na sifuri. Na ukichomeka maiki kwenye mlango wa laini, utasikia sauti hafifu. Ukiipandisha kwa nguvu, kelele zitapanda pamoja nayo. Soma maandishi kwenye kifaa kabla ya kuangalia umbo la tundu.

Hesabu mistari myeusi

Chukua jeki yoyote, uangalie mistari myeusi inayoigawa. Mstari mmoja unamaanisha kwamba kuna sehemu mbili za chuma, ncha na shina. Hiyo hubeba sauti moja, yaani mono. Mistari miwili inaongeza pete katikati. Mistari mitatu mara nyingi ni ya simu: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, ardhi na maiki.

Jeki yenye mistari miwili ndiyo inayohitaji uangalifu, maana ina kazi zaidi ya moja. Kazi ya kwanza ni stereo: ncha hubeba kushoto, pete hubeba kulia, shina ni ardhi. Ya pili ni kubeba sauti moja iliyosawazishwa. Hapo ncha hubeba sauti, na pete hubeba sauti hiyohiyo ikiwa imegeuzwa juu chini. Miksa inapopokea hizo mbili, huitoa ya pili kutoka kwa ya kwanza. Kelele zilizoingia njiani, ambazo ziko sawa kwenye nyaya zote mbili, zinafutana. Sauti yenyewe inabaki. Ndiyo sababu waya wa maiki wa aina hii unaweza kutoka madhabahuni hadi mlangoni bila kuvuma. Ya tatu ni ile soketi ya miksa iliyoandikwa INSERT: ncha hupeleka sauti nje kwenye kifaa cha pembeni na pete huirudisha. Kwenye soketi hiyo usichomeke simu.

Plagi ya kanoni, ile ya duara yenye pini tatu, ina mpangilio mmoja unaofuatwa karibu kila mahali siku hizi: pini ya 1 ni ardhi, ya 2 ni sauti, ya 3 ni sauti iliyogeuzwa. Waya za RCA nazo ni rahisi. Nyeupe au nyeusi ni kushoto, nyekundu ni kulia, ya njano ni picha.

Mwimbaji anapopotea

Sasa tufike kwenye tatizo ninalotaka kila msomaji alielewe hadi mwisho, kwa sababu linawaaibisha mafundi wengi na dawa yake ni nafuu.

Maharusi wanaingia ukumbini. Fundi ana waya wa jeki ndogo pande zote mbili, wenye mistari miwili. Upande mmoja uko kwenye simu. Upande wa pili ameuvalisha adapta ya kuwa jeki kubwa, akauchomeka kwenye chaneli moja ya miksa. Anabonyeza wimbo. Kinanda kinasikika kwa mbali, kiitikio kinaelea pembeni, besi imekonda, na mwimbaji hayupo. Fundi anapandisha sauti, anageuza vidhibiti vya besi na vya sauti kali, anabadilisha simu, analaumu wimbo kwamba ulipakuliwa vibaya.

Wimbo ni mzima. Kilichotokea ni kwamba simu imetoa stereo, wakati chaneli ile inasubiri sauti moja iliyosawazishwa. Miksa imefanya kazi yake: imechukua kilichokuja kwenye ncha, yaani kushoto, ikatoa kilichokuja kwenye pete, yaani kulia. Katika nyimbo nyingi sauti ya mwimbaji, besi na ngoma kubwa huwekwa katikati, kwa maana ya kwamba ziko sawa kushoto na kulia. Vitu vilivyo sawa vikitolewa kimoja kwa kingine, hakibaki kitu. Kinachosalia ni kile kilichotofautiana pande mbili: mwangwi, viitikio, vyombo vya pembeni.

Kuna jaribio la haraka la kuhakikisha. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Simu nyingi za Android na za iPhone zina chaguo hilo. Mono ikiwashwa, kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja. Iwapo muziki wote utazimika ghafla au kubaki mnong'ono, umepata jibu: tatizo ni waya na mlango ulioutumia. Zima mono, ubadilishe waya.

Waya unaotakiwa una jeki ndogo ya stereo upande mmoja, na upande wa pili jeki kubwa mbili zenye mstari mmoja mmoja. Kushoto unaingia chaneli moja, kulia unaingia inayofuata. Ya kwanza unaigeuza kushoto na ya pili kulia. Miksa yenye chaneli za stereo huwa na soketi mbili zilizoandikwa L/MONO na R, na hapo ndipo mahali pake hasa. Ukitumia L/MONO peke yake, miksa itachukua upande wa kushoto na kuupeleka pande zote mbili, na chochote kilichorekodiwa kulia pekee hakitasikika. Miksa nyingi pia zina soketi za RCA kwa ajili ya deki. Waya wa jeki ndogo kwenda RCA mbili unamaliza kazi bila adapta yoyote ya ziada.

Na kama mfumo wako ni wa spika moja, au wa honi, ambao hauna kushoto wala kulia? Njia nyepesi ni kuwasha mono kwenye simu, kisha kutumia tawi la kushoto tu la waya ule wenye jeki mbili. Njia ya kudumu ni kumpelekea fundi redio achomee waya wenye rizista mbili za ohm 1,000, moja kwenye kushoto na moja kwenye kulia, kisha zikutane kwenye ncha ya jeki ya mono. Usiunganishe kushoto na kulia moja kwa moja bila rizista. Kila upande utaanza kuusukumia mwenzake umeme, sauti itaharibika na kifaa kitachoka kabla ya wakati wake. Adapta zile fupi za kutoka stereo kwenda mono zinazouzwa kwenye vibanda zina tabia tofauti tofauti ndani. Baadhi huunganisha pande mbili bila rizista, nyingine huutupa upande wa kulia kwenye ardhi. Huwezi kuzitofautisha kwa macho. Multimita ikiwekwa kwenye mlio itakuambia kwa muda mfupi nini kimegusana na nini, na fundi mitambo asiye na multimita anafanya kazi kwa kubahatisha.

Simu na adapta zake

Wimbo uliopoteza mwimbaji unaweza kutokea pia kwenye hedifoni. Hapo mara nyingi jeki haijazama vizuri, hasa simu ikiwa na gamba nene linaloizuia. Shina halijagusa ardhi, na pande mbili za stereo zimebaki zikipambana. Vua gamba, sukuma jeki mpaka mwisho.

Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, simu nyingi zimetolewa bila tundu la jeki. Adapta za USB-C kwenda jeki ndogo ziko za aina mbili. Moja ina saketi ndogo ndani yake ya kugeuza data kuwa sauti. Nyingine ni waya mtupu, na hufanya kazi tu kwenye simu inayotoa sauti yenyewe kupitia tundu la USB-C. Ukinunua ya pili kwa simu isiyotoa sauti hiyo, utapata ukimya, na muuzaji hatakuwa amekudanganya. Inunue dukani ukiwa na simu yenyewe mkononi na uijaribu hapo hapo. Kwa ukumbi, nunua ile yenye saketi.

Weka sauti ya simu karibu robo tatu, halafu rekebisha zaidi kwenye miksa. Simu ikiwa chini sana utapandisha kelele. Ikiwa juu kabisa, simu nyingine huanza kukwaruza. Washa hali ya ndegeni pia, maana simu ya shangazi ikiingia katikati ya kiapo cha ndoa italia kwenye spika zote.

Jambo la kuangalia kwa makini: umeme wa volti 48. Miksa nyingi zina kitufe cha kupeleka volti 48 kwenye soketi za kanoni kwa ajili ya maiki zinazohitaji umeme huo. Ukiunganisha simu au kompyuta kwa adapta ya kwenda kwenye kanoni huku kitufe kimewashwa, volti hizo zitarudi kwenye kifaa cha mteja. Kizime kwanza, au bora zaidi tumia soketi ya laini.

Kinanda kikiwa mbali na miksa, waya wa kawaida wa jeki usizidi mita 5 au 6; baada ya hapo huanza kuokota kelele na kupoteza sauti kali. Kwa umbali mkubwa tumia kisanduku cha DI. Kinapokea jeki kubwa kutoka kwenye kinanda na kutoa sauti iliyosawazishwa kwa kanoni, na waya wake unaweza kwenda makumi ya mita.

Televisheni kwenye sabufa

Ving'amuzi vingi vina soketi za RCA nyuma. Chukua nyekundu na nyeupe kutoka hapo kwenda kwenye amplifaya, uiache televisheni ibaki na picha. Ni njia fupi na safi. Baadhi ya ving'amuzi hutumia jeki ndogo yenye mistari mitatu inayobeba picha na sauti pamoja, na watengenezaji hawafuati mpangilio mmoja. Ukisikia mngurumo mkali upande mmoja, umeme wa picha umeingia kwenye spika. Zima amplifaya, ubadilishane rangi: huenda sauti iko kwenye waya wa njano.

Televisheni bapa za siku hizi mara nyingi hazina RCA za kutoa sauti. Zina tundu la waya wa mwanga. Utahitaji kisanduku kidogo cha kugeuza sauti ya kidijitali, kisha uingie kwenye mipangilio ya televisheni uchague PCM. Bila kuchagua hivyo, visanduku vya bei nafuu vinaweza kutoa kelele au kunyamaza, na watu huvirudisha dukani vikiwa vizima.

Waya wa spika si waya wa maiki

Waya wa maiki au wa gitaa una uzi mwembamba ndani na nyuzi za kuzuia kelele nje. Haukutengenezwa kubeba nguvu ya spika, utapata moto. Kwa spika tumia waya wenye nyaya mbili nene, na kama spika zina soketi za spikoni, zile za kuingiza na kuzungusha mpaka zifunge, tumia hizo. Hazichomoki mtu akijikwaa, na hazifanyi shoti wakati wa kuchomeka, jambo ambalo jeki kubwa hulifanya.

Unene una maana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 ukivutwa mita 20 una ukinzani wa karibu ohm 1.4 kwenda na kurudi. Kwa mzigo wa ohm 4, zaidi ya robo ya nguvu inaishia kupasha waya joto. Waya wa 2.5, ule unaotumika kwenye soketi za nyumba, unashusha ukinzani huo hadi chini ya ohm 0.3. Spika mbili za ohm 8 zikifungwa sambamba zinakuwa ohm 4, nne zinakuwa ohm 2. Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachokubali, usikivuke.

Wenye magari ya matangazo na wanaofunga honi kwenye minara wazingatie kwamba amplifaya zao mara nyingi zina vishikizo vilivyoandikwa 4, 8, 16 na volti 100. Honi zenye transfoma huenda kwenye volti 100, na jumla ya wati zake isizidi wati za amplifaya. Honi zisizo na transfoma huenda kwenye ohm zinazolingana nazo. Usichanganye aina hizo mbili kwenye amplifaya moja.

Mvumo, ethi, baridi na radi

Mvumo mzito unaoendelea bila kukoma hutokana na umeme wetu wa volti 230 wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mara nyingi huingia kwa sababu miksa na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi zilizo mbali, kila moja na njia yake ya ethi. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja imara. Mvumo ukija pale tu chaja ya kompyuta inapochomekwa, tumia transfoma ndogo ya kutenganisha sauti au swichi ya kukata ardhi iliyoko kwenye kisanduku cha DI.

Wapo wanaokata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Jambo hilo ni marufuku katika mwongozo huu. Kifaa kikipata hitilafu, umeme utapita kwenye maiki hadi kwenye midomo ya anayeimba, naye amesimama kwenye sakafu yenye unyevu.

Njombe ina lake la ziada. Miezi ya Juni na Julai, vifaa vilivyolala kwenye gari huwa baridi sana; ukiviingiza kwenye ukumbi uliojaa watu, hewa yenye joto hugeuka matone juu ya saketi. Viache ndani ya mifuko yao vikiwa vimefungwa kwa muda wa kama saa moja kabla ya kuwasha. Wakati wa mvua, radi ikianza kusikika, chomoa plagi za umeme na waya wa dishi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Unapowasha, anza na vifaa vya kutoa sauti, kisha miksa, mwisho amplifaya. Unapozima, amplifaya ndiyo ya kwanza. Kama mnatumia jenereta, iwashwe na itulie kwanza ndipo mitambo ifuate, na amplifaya izimwe kabla mafuta hayajaisha.

Ombi langu kwa kamati za ununuzi, za makanisa, misikiti, shule na kumbi: msitenge fedha zote kwa ajili ya spika na miksa mkamwachia fundi atafute waya kwenye vibanda saa moja kabla ya sherehe. Kwenye risiti hiyohiyo wekeni waya mbili za jeki ndogo kwenda jeki kubwa mbili za mono, moja ya kwenda RCA, adapta moja ya USB-C yenye saketi, kisanduku kimoja cha DI na multimita. Viandikeni majina kwa plasta, mviweke kwenye sanduku moja lenye kufuli, na ufunguo akae nao fundi mitambo.